Diski ya Bei Poa na Kompyuta Iliyokatiwa Tamaa

Historia tuliyosoma shuleni imejaa wafalme, vita na mikataba. Ni sawa, lakini ndugu msomaji, sisi tunaotaka kuandika tunapaswa kujua pia historia ya chombo tunachoandikia. Waliotutangulia walikuwa na kalamu ya wino, wakaja kuwa na taipureta. Sisi tuna kompyuta, na wengi wetu tunayo ile iliyokwisha pita mikononi mwa watu wawili watatu kabla yetu. Hoja yangu ni hii: kitu kilichoikomboa kompyuta ya mtu wa kipato kidogo si prosesa mpya wala kioo kipana. Ni diski ya SSD ya bei ndogo, ile ambayo wenye nazo hawaitazami mara mbili.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC. Ndani yake mlikuwa na sahani 50 zilizopakwa sumaku, kila moja upana wa inchi 24, zikizunguka kwenye mhimili mmoja. Uzito ulikuwa karibu tani moja, na dude lote lilihifadhi herufi milioni 5 tu. Leo picha moja ya simu yaweza kuimaliza nafasi hiyo.

Sahani zikaendelea kupungua. Mwaka 1980 Seagate ilitoa hadidiski ya inchi 5.25 yenye megabaiti 5 kwa ajili ya kompyuta ndogo, na baadaye laptopu zikapata ya inchi 2.5. Lakini mtindo ulibaki ule ule: sahani inazunguka, mkono unakwenda na kurudi kutafuta habari, mfano wa santuri na sindano yake, ila hapa kichwa huelea bila kuigusa sahani.

Hapo ndipo penye noma. Hadidiski ya kawaida ya laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Inaonekana ni kasi ya ajabu, sivyo? Fanya hesabu. Kuisubiri sahani izunguke nusu tu ni zaidi ya sehemu 5 za elfu za sekunde, na mkono nao una safari yake. Kwa hiyo vitu vikiwa vimetawanyika, diski haiwezi kuleta zaidi ya mia moja hivi kwa sekunde moja, wakati prosesa ina uwezo wa hatua mabilioni kwa muda huo huo. Ni sawa na karani hodari anayekaa bure kutwa nzima kwa sababu tarishi aliyetumwa masijala kutafuta jalada hajarudi. Watu wakamlaumu karani. Wakasema kompyuta imezeeka.

Dawa ilitoka Japani. Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba, alitangaza mwaka 1984 kumbukumbu aliyoiita flashi, na mwaka 1987 akaleta aina ya pili, NAND, ambayo ndiyo imo ndani ya SSD za leo. Humo hakuna kinachozunguka. Kuna vyumba vidogo sana vinavyofungia chaji ya umeme, nayo hubaki humo hata umeme ukizimwa. Masuoka mwenyewe alilazimika kuishtaki Toshiba mwaka 2004 akidai haki ya uvumbuzi wake, na mwaka 2006 wakapatana kwa yeni milioni 87. Wavumbuzi na watunzi, naona kilio chetu ni kimoja.

Ila uvumbuzi peke yake haukutufikia sisi wa mtaani. Mwaka 1991 kampuni iliyoitwa SunDisk, ambayo leo ni SanDisk, ilitoa SSD ya megabaiti 20 kwa karibu dola 1,000. Mwaka 2008 Intel ilitoa ya gigabaiti 80, na mnunuzi wa jumla alitozwa dola 595 kwa moja. Hiyo si bei, ni tusi. Kisha mwaka 2010 Intel hao hao wakatoa ndogo ya gigabaiti 40 kwa dola 125, na mlango ukaanza kufunguka.

Unafuu ulipatikanaje? Kwa kuwabananisha wapangaji. Zamani kila chumba kilitunza biti moja. Zikaja mbili, kisha tatu, kisha nne. Nafasi ikaongezeka kwenye kipande kile kile, bei ikashuka. Mwaka 2013 Samsung walianza kuuza flashi iliyojengwa kwenda juu, ghorofa kwa ghorofa. Hasara yake ni kwamba chumba chenye biti nyingi huandikwa polepole na huchoka mapema. Ndiyo sababu mabingwa wa mambo hayo huziponda SSD za bei poa.

Na waziponde. Kwetu Tanzania, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miaka mingi ilipita kabla mtu wa kawaida hajaota kuwa na yake nyumbani. Nyingi zimetufikia zikiwa mtumba. Hii ninayoandikia ni ya aina hiyo. Nikiiwasha, nilikuwa naenda kuoga na kurudi, bado inajikuna. Washkaji walinishauri niiuze vipuri. Fundi mmoja wa Kariakoo alifungua skrubu chache, akachomoa hadidiski, akachomeka SSD ya gigabaiti 240. Iliingia bila ubishi, kwa kuwa watengenezaji walibakiza umbo na plagi ya SATA ya hadidiski za zamani. Uamuzi huo mdogo ndio ulioziokoa mashine zetu. Sasa inawaka kabla sijakaa vizuri kitini, na hadithi iliyokuwa imekwama ukurasa wa tisa ikatembea.

Wahenga walisema rahisi ni ghali, nami sikatai. Hadidiski ikitaka kufa mara nyingi hukohoa kwanza, ukaisikia. SSD yaweza kufa kimya kimya, asubuhi moja, na riwaya yako ndani. Ukiiweka kabatini miaka bila umeme, chaji huvuja. Zipo na za bandia: ganda limeandikwa terabaiti kadhaa, ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu. Kwa hiyo usinunue jina usilolijua kwa sababu ya namba kubwa tu, na mswada wako uwe na nakala ya pili mahali pengine, hata kwenye flashi ya mfukoni. Ikibidi, chapisha.

Mtaani kuna vijana wangapi walioacha kuandika, si kwa kukosa maneno, bali kwa sababu mashine iliwachosha kabla maneno hayajafika? Kabla hujaitupa kompyuta yako, mwulize fundi nani hasa anachelewa: karani au tarishi. Akikwambia ni tarishi, badilisha tarishi, kisha kaa chini uandike.