Kutoka Ankara hadi Vocha: Historia ya Tozo za Simu Nchini Tanzania kwa Mtazamo wa Busisi

Historia ya tozo za simu nchini Tanzania inazunguka swali moja: je, mlipaji anakiona anachokilipa? Busisi, wilayani Sengerema, swali hilo lina mfano wa karibu. Kwa miongo mingi, hadi Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, abiria waliovuka Ghuba ya Mwanza kwenda Kigongo walilipa nauli ya kivuko wakijua kiasi walichotoa na huduma waliyoipata. Mtumiaji wa simu wa mahali hapohapo hakuwa na uhakika wa namna hiyo.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, huduma za posta na simu zilibaki chini ya shirika moja la umma. Simu zilikuwa chache, nyingi zikiwa mijini, na mwenye simu ya mezani aliletewa ankara. Mageuzi ya miaka ya 1993 na 1994 yalilitenganisha shirika hilo: posta ikawa peke yake, simu zikaenda TTCL, na udhibiti ukakabidhiwa Tume ya Mawasiliano. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ile ya mwaka 2006 ikaanzisha mfuko wa kufikisha mawasiliano vijijini. Ada za leseni na michango ya mfuko hutozwa kampuni, si mteja. Hata hivyo, kampuni huzihesabu miongoni mwa gharama zake, hivyo humfikia mteja zikiwa zimefichwa ndani ya bei.

Kuenea kwa simu za mkononi za malipo ya kabla kuliiondoa ankara kwa watumiaji walio wengi. Badala yake ilikuja vocha, ambayo haikuonyesha mchanganuo wowote. Hesabu yenyewe ina hatua mbili. Kwanza, bei ya huduma huongezwa ushuru wa bidhaa, ambao tangu mwaka 2014 ulikuwa asilimia 17. Pili, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwamo. Kwa hiyo, kwa viwango hivyo, katika kila shilingi 1,000 alizotumia mteja, huduma ilikuwa takriban shilingi 724, ushuru 123 na kodi 153. Zaidi ya robo ya fedha yake si malipo ya huduma, na sehemu ya kodi hiyo imetozwa juu ya ushuru.

Mfumo huo haukuleta mgogoro mkubwa. Mgogoro ulizuka mwaka 2013, sheria ya fedha ilipoweka tozo ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini. Kwa mchuuzi wa dagaa anayetumia shilingi 2,000 kwa mwezi, tozo hiyo ilikuwa nusu ya matumizi yake. Kwa mfanyabiashara anayetumia shilingi 50,000, ilikuwa asilimia 2 tu. Malalamiko yalikuwa makubwa na tozo ikaondolewa. Kilichofuata ni ushuru wa bidhaa kupandishwa kutoka asilimia 14.5 hadi 17. Mzigo haukutoweka, ulirudi mahali usipoonekana.

Mwaka 2021 mvutano ulijirudia. Bajeti ilipendekeza tozo ya shilingi 10 hadi 200 kwa siku kwa kila laini kulingana na uwezo wa kuongeza salio, na shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala wa kutuma au kutoa pesa kwa simu. Kwa kuwa makato ya miamala yalionekana wazi, upinzani ulikuwa wa haraka. Septemba mwaka huo yalipunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kilishushwa hadi shilingi 4,000. Na mwaka 2023 tozo ya kutuma pesa ilifutwa.

Matukio hayo yanadhihirisha kwamba tozo zilizopingwa hazikuwa lazima zile kubwa zaidi, bali zile zilizoonekana. Uwazi ndio uliowapa wananchi uwezo wa kuhoji. Mchuuzi wa Busisi aliweza kubishana na shilingi 1,000 kwa sababu zilionekana wazi. Shilingi 276 zilizokuwamo ndani ya kila vocha ya shilingi 1,000 hazikumpa nafasi hiyo. Kwa msingi huo, haki katika tozo za simu haipimwi kwa viwango peke yake, bali pia kwa mlipaji kuonyeshwa hesabu.