Mzio na saratani ya ngozi

Mzio, au aleji kama wengi wanavyouita, hutokea kinga ya mwili inapopambana na kitu kisicho adui: vumbi, chavua, chakula, sabuni. Kwenye ngozi hujulikana zaidi kwa sura ya pumu ya ngozi, yenye mwasho, ukavu na magamba. Pumu hiyo haigeuki kuwa saratani, na mzazi anayehofia hivyo anastahili kutulizwa.

Watafiti wamejiuliza kama kinga ya mwenye mzio, kwa kuwa iko macho mno, huwahi kuziangamiza seli za saratani. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kingamwili za IgE, zilezile za mzio, ziliwakinga na uvimbe wa ngozi uliosababishwa na kemikali. Kwa binadamu matokeo yanapingana. Uchambuzi mkubwa wa kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza na Denmark, uliotoka mwaka 2020, haukuona uhusiano wa maana kati ya pumu ya ngozi na saratani nyingi. Hatari iliyo dhahiri zaidi iko kwenye baadhi ya tiba: dawa za kushusha kinga kama azathioprini na saiklosporini, zikitumiwa muda mrefu, huongeza uwezekano wa saratani ya ngozi, hasa kwa anayeshinda juani.

Na Chumbi watu hushinda juani. Kata hii ya Wilaya ya Rufiji, kusini mwa Mto Rufiji, iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Msimu wa mpunga, kuamia ndege huendelea tangu alfajiri hadi magharibi, na kivuli cha dungu hakimfuati anayezunguka shambani. Mtu mwenye ualbino hapaswi kabisa kupewa kazi hiyo bila kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Ngozi yake haina melanini ya kutosha, na saratani ya seli bapa humpata akiwa bado kijana. Kwa wenye ngozi nyeusi saratani hiyo huota mara nyingi kwenye kovu la moto au kidonda ndugu cha miaka mingi. Melanoma, aina nyingine ya saratani ya ngozi, kwao hupenda wayo, mahali ambapo jua halihusiki sana.

Hapa ndipo mzio unapoleta madhara kwa njia ya pembeni: gamba la mwanzo la saratani hufanana na pumu ya ngozi. Mgonjwa hununua krimu ya steroidi duka la dawa, mwasho unapungua, miezi inapita, na seli za saratani zinaendelea kuchimba. Baka moja lisilopona, linalovuja damu au kuwa gumu ukingoni, linahitaji kukatwa kinyama kidogo kipimwe, si kubadilishiwa krimu.

Hospitali ya wilaya iko Utete. Rufaa ya juu huelekea Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Huko Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992 ndiko yalikoanza kutengenezwa Kilisun, mafuta ya jua kwa wenye ualbino. Gamba dogo linalowahiwa huondolewa kwa kugandishwa au kukatwa, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.