Gharika ya Msimbazi na Dhamana ya Walio Juu

Aghlabu mazungumzo yetu mintarafu ya gharika za Dar es Salaam huanzia pasipostahili, yaani kwa mkazi wa bondeni, ambaye kila masika husailiwa kwa nini alijenga katika njia ya maji, bighairi ya mtu kuuliza swali la pili, ambalo kwa rai yangu ndilo zito zaidi: maji hayo yaliyomfika kiunoni yametoka wapi?

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, ukapokea vijito kadhaa, vikiwamo vya Ubungo na Sinza, ukapita Vingunguti na Jangwani, hata ukamwagika baharini penye mikoko ya Daraja la Selander. Zamani mvua iliyonyesha juu ya ardhi hiyo ilinyonywa na mchanga, na masalio yake yakateremka taratibu. Lakini mji ambao katika sensa ya 1967 haukufikia watu 300,000, katika ile ya 2022 ulipita milioni 5.3, na kila paa la bati na kila ua uliosakafiwa kwa saruji huizuia mvua kuingia ardhini, ikalazimika kukimbilia mtoni yote kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba ya mwinukoni huyatoa maji yake barabarani kwa bomba, akalala salama, wala hadhani kuwa ana fungu lake katika msiba wa Jangwani, ilhali analo.

Wala tusiseme kuwa watu wa bondeni hawana hadhari. Nyumba zao zina vizingiti vya saruji vilivyoinuliwa hadi magotini, vitanda vimepandishwa juu ya matofali, na ukutani imebaki alama ya tope inayoonyesha maji yalipokoma mwaka uliopita. Wanakaa pale kwa kuwa kodi ni nafuu na Kariakoo, palipo riziki yao, hufikiwa kwa miguu. Baada ya gharika ya Desemba 2011, iliyoua watu zaidi ya 40, serikali iliwagawia waathirika viwanja Mabwepande, mbali kaskazini ya mji, na wako waliorejea bondeni, kwa sababu mchuuzi ambaye faida yake ya siku humezwa na nauli hajapewa makazi, amepewa kiwanja tu. Bomoabomoa ya nyumba za bondeni ya Desemba 2015 nayo iliondoa kuta, haikuondoa haja iliyozijengesha. Na hata mabasi yaendayo kasi, yaliyoanza kazi 2016, karakana yake iliwekwa Jangwani, ikafurika mara kwa mara. Basi ikiwa wahandisi wenye ramani walipaona pale kuwa panafaa, ni insafu gani kumlaumu mama lishe?

Mradi wa sasa wa bonde hilo, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, unakusudia kuuchimba mto, kuinua daraja la Jangwani na kuligeuza bonde liwe bustani ya mji, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo ni tiba ya miguuni kwa maradhi yaliyoanzia kichwani. Yapasa sheria ya vibali vya ujenzi imlazimishe kila ajengaye kubakisha mvua yake ndani ya kiwanja chake, ama kwa hodhi, ama kwa shimo la kunyonya, ama kwa kuacha sehemu ya ua iwe udongo mtupu. Kukinga mvua si jambo geni mwambaoni. Birika la Ngome ya Yesu, Mombasa, lililojengwa kwa kazi hiyo, lingalipo. Yamkini nitajibiwa kuwa hodhi ni ghali, na kwa mwenye vyumba viwili ni kweli, ndiyo maana mzigo huu uanzie kwa wenye mapaa makubwa: maghala na viwanda vya Barabara ya Nyerere, shule, na ofisi za serikali yenyewe.

Kodi ya majengo, kwa hiyo, ingepimwa pia kwa ukubwa wa eneo ambalo mwenye mali ameliziba lisipitishe maji, na mapato yake yangelipia makazi ya wanaohamishwa bondeni, karibu na Kariakoo, si Mabwepande.