Mbwa wa Kijiji, Mbwa wa Parsele

Wenzetu wanapoandika juu ya mila zetu wanachagua ngoma, mahari, tohara ao uchifu. Mbwa hapati mwandishi. Hata hivyo hatujui kijiji ambamo hayupo, na hakuna kartie ya Bukavu ambamo usiku unapita bila kumsikia. Sisi tunaofundisha historia tumeona vema kumpa kurasa chache, na tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatuandiki kwa kumsifu tu. Kufuga mbwa kuna faida na kuna gharama. Wakubwa wetu walijua nani anailipa gharama ile. Sisi wa mjini tumesahau.

Tuanze na jina lenyewe. Kiswahili kinasema mbwa, Lingala mbwa, Ciluba mbwa, Kikongo mbwa. Wanande wanasema embwa, Wanyarwanda imbwa. Lugha hizi zimeachana tangu miaka maelfu, na vitu vingi kila moja imevipa jina lake, lakini neno hili limebaki karibu lile lile kutoka bahari ya Atlantika hadi bahari ya Hindi. Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba neno linalofanana hivyo kila mahali halikuazimwa jana: mababu walikuwa nalo kabla ya kutawanyika, na kama walikuwa na neno, basi walikuwa na mnyama. Muhogo na mahindi tunayoyaita chakula cha asili yalitoka Amerika, yakaletwa na Wareno kiisha karne ya 15. Siku yalipofika, yalimkuta mbwa amekwisha kulala karibu na moto.

Lakini naye hakuzaliwa katika pori letu. Mbwa wote wa dunia ni uzao wa mbwa-mwitu wa nchi za kaskazini, na Afrika aliingia kwa upande wa kaskazini. Kule Misri alikuwapo zaidi ya miaka 6000 iliyopita. Katika michoro ya Wamisri wa kale kuna mbwa wembamba, masikio juu, mkia umejikunja mgongoni. Ukimwonyesha mtu wa Shabunda michoro ile, atakuuliza ni mbwa ya nani.

Kazi yake ya kwanza kwetu ilikuwa kuwinda. Katika pori la Ituri, Wambuti na Waefe wanamfunga mbwa kengele ya mti shingoni. Watoto shuleni wanatuuliza kengele ni ya nini, je, haimkimbizi nyama? Ndiyo, inamkimbiza, na ndiyo kazi yake. Mbwa wa kwetu wa asili habweki sana, wengine karibu hawabweki kabisa, hivi mwindaji asingejua yuko wapi ndani ya majani. Kengele inamwambia mwindaji, na papo hapo inamtisha mnyama akimbilie kwenye wavu ao mshale. Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyefika kwa Azande upande wa Uele mwaka 1870, aliwaona mbwa hao wadogo na kengele zao, akaandika kwamba mkia wao umejikunja kama wa mtoto wa nguruwe. Aliandika pia kwamba Azande waliwala. Jambo hili la nyama ya mbwa tusilifiche. Hata leo wako watu katika nchi yetu wanaomla, na ndugu zetu wa Kasai wanataniwa juu yake kila siku, nao wanajibu kwa kucheka. Kwa Waislamu wa Kasongo na Nyangwe, ambako wafanya biashara wa pwani walifika karibu na 1860, ni kinyume: mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nchi moja, mbwa yule yule, mmoja anamweka chunguni na mwingine anaosha chungu!

Turudi porini. Mnyama alipouawa, nyama iligawiwa kwa sheria. Mwenye wavu alikuwa na fungu lake, mwenye mshale lake, na kwa Wambuti mwenye mbwa naye alikuwa na lake. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini tunaomba msomaji alishike. Kama mbwa alileta fungu la nyama nyumbani, basi alikuwa na mwenyewe anayejulikana na watu wote. Siku alipoiba kuku ya jirani ao kumuuma mtoto, hakuna aliyeuliza mbwa ni ya nani. Walikwenda moja kwa moja kwa yule aliyekula fungu.

Huko Kongo ya magharibi mbwa alipanda cheo kuliko hicho. Wakongo walichonga nkisi inayoitwa Kozo, mbwa mwenye vichwa viwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Sababu yake inafahamika: mbwa analala kijijini pamoja na wazima, lakini anaingia pori, na pori ni upande wa wafu. Anajua njia mbili. Vichwa viwili vinamfaa mwenye kazi ya namna ile.

Hapo wengine wataandika kwamba Mwafrika alimpenda mbwa yake kama ndugu. Tusidanganyane. Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi na Wambuti katika miaka ya 1950, alieleza katika kitabu chake cha 1961 kwamba mbwa hawa walikuwa na thamani kubwa sana kwa uwindaji, na bado walipigwa mateke tangu kuzaliwa paka kufa. Sisi tuliokulia kijijini hatuwezi kumkatalia. Mbwa hakuwa na sahani. Alikula mifupa, maganda, panya, na mavi ya watoto wadogo, tusione haya kuliandika. Aliheshimiwa kama panga linavyoheshimiwa, kwa kuwa linakata.

Sasa tuje kwa wazungu, kwani nao wana ukurasa wao katika habari hii. Stanley alipoondoka Uingereza mwaka 1874 alichukua mbwa watano. Hakuna hata mmoja aliyefika naye kwenye mdomo wa mto Kongo mwaka 1877. Mbwa wa kigeni hawezi mbung'o wala joto letu, wakati wa kwetu wamezoea. Na njia ya kurudi ilikuwa vile vile: mbwa wa kwanza wa Kongo walioonyeshwa London, mwaka 1895, walikufa upesi kwa ugonjwa wa Carré. Ni katika miaka ya 1930 tu ndipo wengine walipelekwa Uingereza wakaishi, na mwaka 1937 watu walisongamana kuwatazama, mbwa wasiobweka!

Wakawapa jina: basenji. Msomaji wa Kiswahili amekwisha kuelewa. Watu wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi. Neno likafuata misafara, likaingia katika lugha zetu kama basenji, na wakati wa Wabelgiji lilimaanisha mtu wa porini, asiyejua kalamu wala viatu. Hivi tusi walilotutukana sisi ndilo limekuwa jina la mbwa mwenye bei kubwa huko Ulaya na Marekani. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walikuja paka kaskazini-mashariki ya Zaire kutafuta mbwa wapya wa aina hiyo, kwa sababu wale wa kwao, waliotoka katika wazazi wachache sana, walikuwa wanazaana ndugu kwa ndugu na kupatwa na magonjwa ya figo na ya damu. Mwaka 1990 chama chao cha mbwa kilikubali kuandika 14 kati yao katika kitabu cha ukoo. Mbwa wa basenji akapata karatasi. Wenye kijiji alikotoka, wengi wao hawana hata cheti cha kuzaliwa.

Katika mji wa wakoloni mbwa alibadilisha kazi. Mzungu alikuwa na mbwa mkubwa nyuma ya ua, na wazee wetu waliotoka cité asubuhi kwenda kazini walijua ni mlango gani wa kupitia mbali. Ubao wa Chien méchant ulikuwa somo la kwanza la Kifaransa kwa wengi. Hata katika Tintin au Congo, kitabu cha 1931, watu weusi wamechorwa mwishoni wakiinama mbele ya sanamu ya Tintin na mbwa wake Milou. Hatutaki kukawia juu ya kitabu kile, lakini tazameni mahali mbwa amewekwa, na mahali tumewekwa sisi.

Kiisha uhuru, ubao ule ukahamia kwetu. Baada ya uporaji wa 1991 na 1993, na zaidi baada ya vita vya 1996, kila mwenye parsele alitaka mlinzi. Sentinele anaomba mshahara kila mwezi, mbwa haombi. Hivi watu walifikiri wamepata ulinzi wa bure. Hapo ndipo shida yote ilipoanza.

Mbwa wa mlinzi anakula. Mwenye mshahara wa mwalimu anajua bei ya kilo ya unga, na mbwa mkubwa hashibi na maganda. Kwa hiyo mchana anafungwa kamba fupi juani ili awe mkali, na usiku anafunguliwa ajitafutie. Anapita njiani, anapindua pipa za takataka, anazaa. Watoto sita ao saba. Wawili wanagawiwa marafiki, wengine wanatupwa karibu na soko. Mwenye mbwa analala salama, na jirani anasikia kelele paka alfajiri. Mwanafunzi anayetoka saa kumi na moja kuchota maji anabeba fimbo pamoja na bidoni. Gharama haikuondoka. Imehamia kwa mtu asiyekuwa na mbwa.

Na gharama kubwa kuliko zote ni kichaa cha mbwa, ugonjwa tunaouita rage. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unaua watu karibu 59 000 kila mwaka, hasa Asia na Afrika. Karibu wote wameumwa na mbwa, na katika kila 100 wanaoumwa, karibu 40 ni watoto wasiofika miaka 15. Virusi vinaingia kwa kidonda, vinafuata mishipa ya fahamu polepole kuelekea ubongo. Mara nyingi inachukua miezi miwili ao mitatu, pengine wiki chache, pengine mwaka. Katika muda huo mtoto anacheza, anakula, anasoma. Kidonda kimekwisha kufunga. Dalili zikitokea, dawa hakuna tena, na karibu kila mgonjwa anakufa.

Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu unazuilika, na dunia inajua hivyo tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia. Halafu hopitali siku ile ile, kwa chanjo na, kidonda kikiwa kibaya, serumu. Wazee bado wanaogopa zile sindano nyingi za tumboni. Siku hizi ni chache, na ni za mkononi. Majani, majivu, mafuta ao jiwe jeusi haviui virusi. Mbwa akiwa anaonekana, afungwe na atazamwe siku kumi. Akibaki mzima, hakuwa na virusi katika mate siku ile alipouma.

Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili aliumwa muguuni asubuhi, njiani kuja shuleni. Alifunga kitambaa, akaingia darasani, hakumwambia mtu kwa kuwa alichelewa na aliogopa adhabu. Nyumbani mama yake aliweka majani. Miezi miwili ikapita. Alianza kulalamika kwamba muguu unamwasha pale pale palipokwisha kupona, kiisha akakataa maji. Wakimletea kikombe, koo lilikuwa linajikaza na alipiga kelele. Watu wa chumba cha maombi walisema ni pepo. Siku ya tano tulimzika.

Wataalamu wanasema kwamba katika mbwa 100, 70 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita katika mji. Mbwa 70, si wote. Mkubwa wa avenyu, kiisha mazishi, alipita parsele kwa parsele na daftari, kuandika mbwa na wenyewe, ili watu wachange bei ya chanjo. Tulimfuata sisi wenyewe, tukiwa na kalamu. Kwenye mlango wa kwanza mbwa alikuwa amelala kizingitini, na baba wa nyumba alisema si yake, anakuja tu. Kwenye mlango wa pili walisema ni ya mpangaji aliyehama. Wa tatu alisema ni ya watoto. Tulipofika mwisho wa avenyu tulikuwa tumehesabu mbwa 23, na katika safu ya wenyewe kulikuwa na majina mane.