Kutoka kipande cha shingoni hadi kaunta ya ndege

Leo naweka kando mambo ya kodi na seva kidogo, ingawa mtaona nimerudi huko huko tu. Nataka kuzungumzia swali ambalo linaonekana dogo: Mkenya anayeruka kwenda Entebbe au Kigali anahitaji karatasi gani?

Jibu fupi: kitambulisho chake cha taifa kinatosha. Pasipoti si lazima. Imekuwa hivyo tangu Januari 2014.

Jibu refu nililipata kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika fomu ya kununulia tiketi kwa mteja mmoja ambaye sitamtaja. Kwenye safari zote za nje ya nchi nikaweka kisanduku kimoja cha lazima: “Namba ya pasipoti”. Sikufikiri mara mbili. Nje ni nje, na nje ni pasipoti. Abiria mmoja aliyekuwa akienda Kigali kumzika dada yake hakuwa na pasipoti, na wala hakuhitaji kuwa nayo. Fomu ilimkatalia mpaka akajaza sifuri nane. Programu yangu ikapeleka habari hizo mbele kwa uaminifu mkubwa: aina ya hati, pasipoti, namba, 00000000. Alfajiri pale kaunta akatoa kitambulisho, tarakilishi ikasema pasipoti, karani akapiga simu huku na huku, na ndege ikafungwa mlango. Alizikwa dada yake bila yeye kuwapo. Kosa halikuwa la karani. Lilikuwa mstari mmoja wa kodi, na mwenye mstari huo ni mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya hiki kijikaratasi.

Tuanzie mbali. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, lakini kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia utekelezaji wake ulingoja hadi vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, kabila, alama za vidole, na kumbukumbu za mwajiri, yaani lini aliajiriwa, analipwa nini, na lini aliruhusiwa kuondoka. Karatasi ilikaa ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Wazee walikifananisha na kengele ya mbuzi, na hawakuwa wakitania.

Ukikiangalia kwa jicho la mtengeneza programu, kipande kilikuwa hifadhidata iliyokamilika. Kila mtu ana rekodi moja, kuna alama ya kipekee ya kumtambua, na kuna sehemu ya kuonyesha hali yake: yuko kazini au ametoroka. Ukitoroka shamba la mzungu, polisi wanakuuliza kipande, wanaona hakijatiwa sahihi ya kuondoka, basi. Kazi ya kipande haikuwa kumsaidia mtu afike anakokwenda bali kumzuia asiende. Harry Thuku alikipinga pamoja na kodi na kazi za lazima. Alipokamatwa Machi 1922 watu walikusanyika Nairobi kudai aachiliwe, na polisi wakawamiminia risasi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Mwaka 1947 ilikuja sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa rangi zote. Ajabu ni kwamba walowezi walipoambiwa nao watoe alama za vidole, walipiga kelele kweli kweli. Waliona ni fedheha kuchukuliwa kama wahalifu. Nawaachia wenyewe mcheke. Halafu miaka ya Hali ya Hatari, kuanzia 1952, vibali vya kutembea vikarudi kwa nguvu kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru.

Baada ya uhuru sheria ya kikoloni ilibaki, na kwa muda mrefu kitambulisho kilikuwa cha wanaume. Ni mwaka 1978 ndipo sheria ilirekebishwa wanawake nao waandikishwe. Hebu fikiria: miaka 15 baada ya bendera kupanda, mama yako hakuwa na kadi ya kuonyesha kuwa yeye ni nani. Mwaka 1980 ikaja kadi ya kizazi cha kwanza na umri ukapandishwa hadi 18. Mwaka 1995 ikaja ile ya kizazi cha pili, ndogo, ya kutia kwenye pochi, ambayo wengi wetu tumekua nayo.

Hiyo ya 1995 ndiyo inayonivutia. Ukiigeuza nyuma utaona mistari mitatu ya herufi na alama za < < < zisizoeleweka. Watu wengi wameibeba miaka mingi bila kujiuliza ni za nini. Ni lugha ya mashine. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, lilitoa mwaka 1980 mwongozo unaojulikana kama Hati 9303, unaoeleza jinsi pasipoti inavyoweza kusomwa na mashine. Pasipoti ina mistari miwili ya herufi 44. Kadi ndogo, kwa kuwa ni fupi, ina mistari mitatu ya herufi 30. Herufi zinazokubaliwa ni A hadi Z, tarakimu 0 hadi 9, na hiyo < ya kujazia nafasi. Hakuna kingine. Kwa hiyo Ng'ang'a anakuwa NGANGA, apende asipende.

Kitamu zaidi ni tarakimu ya ukaguzi. Chukua tarehe, tuseme ya uhuru wetu, 12 Desemba 1963. Mashine inaiandika 631212. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, halafu rudia 7, 3, 1. Unapata 42, 9, 1, 14, 3, 2. Jumla ni 71. Gawanya kwa 10, baki ni 1. Basi baada ya tarehe hiyo mashine inatarajia kuona 1. Karani akikosea akaandika 361212, hesabu inatoa 59, baki 9, na mashine inajua papo hapo kuna kitu hakiko sawa. Si ulinzi dhidi ya mwizi, maana hata mwizi anajua kuzidisha. Ni ulinzi dhidi ya vidole vilivyochoka. (Na ndiyo, mwaka umeandikwa kwa tarakimu mbili. Tuliopitia hofu ya mwaka 2000 tunaujua ugonjwa huo. Nyanya aliyezaliwa 1923 na mtoto wa 2023 wanaandikwa sawa.)

Sasa turudi kwenye ndege. Zamani nchi zetu tatu zilikuwa na shirika moja, East African Airways, lililoanzishwa 1946. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika 1977 shirika likafa nalo, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, tayari kulikuwa na pasipoti ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa mwaka huo huo kwa ajili ya safari za humu humu. Ilikuwa hatua nzuri, lakini bado ni kitabu: lazima upange foleni, ulipe, ungoje.

Mlango wenyewe ulifunguliwa na sentensi moja. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa sahihi Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ina kifungu cha 9 kuhusu hati za kusafiria. Ndani yake imesemwa kwamba nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya taifa vinavyosomwa na mashine zinaweza kufanya hivyo. “Zinaweza”, si “lazima”. Waandishi wa sheria wanajua kuweka masharti kama sisi tunavyojua kuweka “kama” kwenye programu. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2013 na kuanza Januari 2014. Tanzania na Burundi hazikuingia.

Matokeo yake ni ramani ya kuchekesha. Kutoka Nairobi hadi uwanja wa Kilimanjaro ni mwendo usiofika hata saa moja angani, na unauona mlima dirishani kabla soda haijakwisha. Kadi yako haikutoshi huko: unahitaji pasipoti au hati nyingine ya uhamiaji. Hadi Entebbe ni mbali zaidi ya mara mbili, unavuka ziwa, na kadi inatosha. Anayepima kwa kilomita atapotea. Pima kwa makubaliano.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo wengi wamelisahau. Uganda ilipoingia kwenye mpango huo haikuwa na kitambulisho cha taifa mikononi mwa watu wengi. Uandikishaji mkubwa ulianza baadaye mwaka huo wa 2014. Kwa hiyo kadi ya mpiga kura na hata ya mwanafunzi zikakubaliwa kwa muda. Kwa mtu wa hifadhidata hilo ni jinamizi: aina tatu za hati, namba za urefu tofauti, na nyingine hazina mstari wa mashine kabisa. Lakini watu walivuka. Siasa iliamua kwanza, tarakilishi zikafuata zikihema.

Kuna jambo moja kuhusu karani wa kaunta ambalo ningependa kila msafiri alijue. Yeye si afisa wa uhamiaji, ila shirika la ndege linaweza kutozwa faini likimleta abiria asiye na hati zinazotakiwa, na hulazimika kumrudisha. Ndiyo maana anaogopa kuliko afisa mwenyewe. Akiwa na shaka anatazama Timatic, hifadhidata ya IATA ya masharti ya kuingia kila nchi, ambayo ilianza kama kitabu mwaka 1963. Ikiwa hapo imeandikwa kadi inakubaliwa, unapita. Ikiwa habari za tiketi yako zinasema kingine, kama zilivyosema kwa yule abiria wangu, unaanza kubishana na skrini, na saa haingoji. Msisahau pia kile kijitabu cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 chanjo moja inahesabiwa kuwa ya maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi.

Mtoto wa chini ya miaka 18 hana kitambulisho, kwa hiyo urahisi huu haumhusu. Baba anaruka kwa kadi, mwana anatafutiwa hati nyingine.

Wala hauwahusu watu wazima ambao dola iliwakawiza. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipangwa foleni, wakahojiwa, na kupewa kadi ya ziada ya waridi kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Wanubi wa Kibera waliitwa mbele ya kamati za kuwachunguza kwa miaka mingi. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wao. Ni Februari 2025 ndipo Rais Ruto alipotangaza kukomesha uchunguzi wa ziada kwa watu wa kaskazini. Kwa hiyo mwaka 2014, siku jirani yangu alipoweza kwenda Kampala na kadi mfukoni, kijana wa Wajir aliyekuwa bado anangoja kuhojiwa na wazee hakuongezewa hata hatua moja. Kadi ileile, iliyotokana na kile kikasha cha shingoni, kwake ilikuwa bado inafanya kazi ya zamani.

Kadi zimeendelea kubadilika. Huduma Namba ilianza 2019 na Mahakama Kuu ikaukataa ugawaji wa kadi zake Oktoba 2021, kwa kuwa hakukuwa na tathmini ya athari kwa data za watu. Mwishoni mwa 2023 ikaja Maisha Kadi, yenye chipu. Hayo nitayaandikia siku nyingine, maana chipu ina mambo yake.

Ile fomu niliirekebisha siku ileile. Kisanduku sasa kinauliza kwanza unakwenda wapi, kisha una hati gani, kisha namba, na kinahesabu 7, 3, 1 pale panapohesabika. Mistari kumi na minne ya kodi. Nilimpigia simu yule bwana nikamweleza kilichotokea. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama itamkubali akienda kuhani arobaini. Nikamwambia ndiyo. Akasema sawa, akakata simu.