Mali ya Abdulla

Kumtukuza mtu kwa nguo si jambo geni kwetu. Rais akija, chama kikitimiza miaka, mwenge ukipita, watu huvaa kanga, vitenge na fulana zenye picha. Hapa Namawala, katika bonde la Kilombero, ambako twajulikana kwa mpunga na, miongoni mwa watafiti wa malaria, kwa mbu, sanduku la mama mtu mzima ni maktaba ya aina yake: ndani yake utasoma historia ya nchi. Lakini kanga ya mwandishi wa vitabu sijaiona hata moja. Kwa nini?

Wenzetu wa mbali wameliweza jambo hili. Katika mitumba pale Ifakara niliwahi kumkuta kijana amevaa fulana yenye mtu wa kofia ya masikio na kiko mdomoni. Nikamwuliza ni nani huyo. "Mzungu tu, mzee," akajibu. Kumbe ni Sherlock Holmes, mpelelezi aliyeletwa duniani na Arthur Conan Doyle mwaka 1887. Tena mavazi yale si kazi ya Doyle peke yake. Mchoraji Sidney Paget ndiye aliyemvika kofia ile mwaka 1891, katika jarida la Strand la London. Na mwigizaji William Gillette akampa kiko kilichopinda jukwaani mwaka 1899. Mwandishi alitoa hadithi, wenzake wakaivisha. Ndiyo maana imetembea hadi Ifakara bila kusomwa.

Je, sisi tulikosa wapelelezi? Hata kidogo. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka kitabu mwaka 1960. Bwana Msa wake naye ni mtu wa kiko. Akafuata Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965. Kisha Elvis Musiba na Willy Gamba wake tangu mwaka 1974. Kisha Ben Mtobwa na Joram Kiango.

Vitabu hivyo vilifika hata huku bondeni, vikapita mkono hadi mkono mpaka majalada yakatoka. Sasa, msomaji, jalada ndilo nguo ya kitabu, na ndilo lenye jina la mwandishi. Likichanika, msomaji wa kumi anamjua Willy Gamba tu; Musiba hamjui. Hasara hiyo si ndogo. Abdulla alifariki mwaka 1991, Mtobwa mwaka 2008, Musiba mwaka 2010, na waliowasoma ujanani wanazeeka.

Wafanyabiashara waliliona hili zamani. Huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887, mwaka uleule wa Holmes. Kanga zake zikapigwa chapa: K.H.E., Mali ya Abdulla. Yeye ndiye anayetajwa kuwa alianzisha desturi ya kuandika misemo kwenye kanga. Jina lililo ndani ya nguo halichaniki kama jalada. Hufuliwa, huanikwa, huvaliwa tena, na mjukuu hulikuta sandukuni.

Waandishi wetu walikuwa karibu mno na kanga bila kuifikia. Tazama majina ya vitabu vya Muhammed Said Abdulla: Duniani Kuna Watu, cha mwaka 1973, Mke Mmoja Waume Watatu, cha mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa, cha mwaka 1976. Mwanamke yeyote wa pwani au wa bara angeyafunga kiunoni kesho asubuhi, na jirani yake angejua kaambiwa nini. Maneno yapo tayari, hayahitaji kuongezwa hata herufi. Kilichobaki ni kuandika pembeni, kwa haki kabisa safari hii: Mali ya Abdulla.