Shukrani kwa Matendo: Kutoka Chitambo na Mkunazini hadi Kwetu Uingereza

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba tunavaa kijani, njano, nyeusi na bluu, tunaimba wimbo wa taifa, tunakula pilau, na watoto wanalala kwenye viti kabla muziki haujaisha. Wimbo wetu wa taifa ni sala. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, aliutunga mwaka 1897, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 tukaufanya wetu kwa maneno ya Kiswahili. Taifa lenye Waislamu, Wakristo na watu wa imani za jadi lilianza safari yake kwa kuomba baraka. Aombaye akapewa, kilichobaki kwake ni kushukuru.

Je, mtu anashukuru namna gani? Swali hili tunalisikia mara nyingi nyumbani, ingawa linakuja kwa sura nyingine. Simu ya baba inalia, kwenye kundi la jumuiya kuna msiba, na mchango unatakiwa ili mwili usafirishwe nyumbani. Mtoto anauliza: "Kwani tulimjua?" Mara nyingi hatukumjua. Mwingine anauliza kwa nini Jumapili lazima tuendeshe gari saa nzima kwenda ibada ya Kiswahili wakati kuna kanisa mwisho wa mtaa. Haya ni maswali ya haki, na jibu lake zuri liko katika historia. Kwa bahati, sehemu ya historia hiyo iko hapa hapa Uingereza, na nauli ya basi inatosha kuifikia.

Mzigo kutoka Chitambo

Ukiingia Westminster Abbey, London, utakuta sakafuni jiwe la kaburi la David Livingstone. Jiwe hilo linataja mikono ya waaminifu iliyomleta kwa nchi kavu na kwa bahari. Majina ya wenye mikono hiyo hayakuandikwa. Tuyaandike hapa.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye walikuwa Waafrika, wakiongozwa na Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 akiwa kijana mdogo. Hakuna mzungu aliyekuwepo wa kuwaamuru. Wangeweza kumzika pale pale, wakagawana vitu na kila mtu akashika njia yake. Wao walikaa shauri. Moyo wake waliuzika chini ya mti wa mvula, na Jacob Wainwright, aliyesoma shule ya misheni huko India, akasoma sala za maziko. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa gome la mti na turubai, wakaubeba begani kuelekea pwani.

Safari hiyo ilikuwa ya kilomita zipatazo 1,600. Walipita katika maradhi, njaa na vijiji vilivyoogopa kupitisha maiti. Wengine walikufa njiani. Februari 1874 walifika Bagamoyo, wakaukabidhi mwili pamoja na madaftari ya marehemu, na tarehe 18 Aprili mwaka huo ukazikwa Westminster. Wainwright alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baadaye, maziko yakiwa yamekwisha, na wakasaidia kuyatayarisha yale madaftari ili yachapishwe kuwa kitabu.

Vijana, tazameni jambo hili vizuri. Wabebaji wale hawakuwa wa kabila moja wala dini moja. Susi hakuwa amebatizwa wakati ule. Alibatizwa Zanzibar mwaka 1886. Lakini waliona kwamba mtu aliyefia ugenini lazima arudishwe kwa watu wake. Ndilo jambo tunalofanya tunapochangia nauli ya mwili kutoka Heathrow hadi Dar es Salaam. Hatukuiga desturi hii kutoka kwa mtu. Ni ya kwetu, na safari yake maarufu kuliko zote ilifanywa kwa ajili ya mgeni kutoka Scotland.

Soko lililogeuka kanisa

Mwezi uleule ambao msafara ulikuwa unajitayarisha kuondoka Chitambo, mambo makubwa yalikuwa yanaiva Zanzibar. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akiwa chini ya shinikizo la manowari za Uingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Soko la Mkunazini likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale.

Waliojenga walikuwa UMCA, misheni iliyoanzishwa baada ya Livingstone kuzungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere. Lakini kanisa lile lina mikono mingi ndani yake. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara Mhindi wa Zanzibar. Saa ya mnarani inasimuliwa kwamba ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash mwenyewe, Mwislamu. Msalaba mmoja ndani ya kanisa umechongwa kwa mti ule wa Chitambo. Kwa hiyo Mkristo akisimama Mkunazini kumshukuru Mungu, anajikuta anawashukuru pia majirani wasiosali kama yeye. Katika jumuiya yetu, ambamo Waislamu na Wakristo hupika sufuria moja siku ya uhuru, jambo hili halihitaji maelezo marefu.

Watoto waliokombolewa kutoka majahazini walipelekwa shuleni: wavulana Kiungani, wasichana Mbweni. Walitoka Uyao, Unyasa, Umakua, Unyamwezi na kwingineko, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili. Askofu Steere alikuwa na mtambo wa kuchapa, na vijana wa misheni walijifunza kupanga herufi. Vitabu vya awali vya Kiswahili vilivyopigwa chapa vilipita katika vidole vya watoto waliokuwa wameuzwa kama mbuzi. Ukisikia mzazi anakuhimiza usome Kiswahili, kumbuka kwamba hii ni lugha ambayo watoto walionyang'anywa kwao walijengea kwao kupya.

Masasi: walioshukuru kwa kufundisha

Mmoja wa watoto hao aliitwa John Swedi. Alikuwa katika kundi la wavulana watano ambao Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer mwaka 1864. Mwaka 1879 Swedi aliwekwa wakfu kuwa shemasi. Mwingine, Cecil Majaliwa, Myao, alikuwa padri wa kwanza Mwafrika wa UMCA mwaka 1890. Alikwisha kwenda Chitangali, karibu na mto Ruvuma, kufundisha watu wa kabila lake, mbali kabisa na starehe za mjini.

Kabla yake, mwaka 1876, Steere alikuwa ameondoka pwani na kundi la watu walioachwa huru waliotaka kurudi kwao upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, penye vilima vya mawe, maji na ardhi nzuri, wakasema hapa panatosha. Wakafyeka, wakalima, wakajenga kanisa na shule. Mwaka 1882 Wamagwangwara walivamia, wakachoma na kuteka watu. Waliosalia walianza upya.

Msomaji anaweza kujiuliza: watu hawa walikuwa na la kushukuru? Waliibiwa utotoni. Wazazi wao hawakuwaona tena. Wengi walipewa majina ya Kiingereza na walilima mashamba ya misheni kabla hawajapata ya kwao. Uhuru wao ulikuwa na mipaka. Hata hivyo wengi hawakutumia uhuru huo mchache kujilipizia. Walikwenda kufundisha watoto wa wengine. Katika Injili ya Luka kuna wakoma kumi walioponywa, na mmoja tu ndiye aliyerudi kushukuru. Mara nyingi tunahubiriwa kana kwamba kurudi kushukuru ni kusema asante kwa aliyekutendea. Swedi na Majaliwa wanatufundisha zaidi: wema uliotendewa unaweza kuulipa kwa mtu mwingine kabisa, ambaye hakukupa kitu.

Kushukuru si kusahau

Hapa lazima tuwe wakweli, hasa kwa vijana wanaosoma historia katika shule za huku. Misheni zilikuja, na ukoloni ukaja pia, na mara nyingine mipaka kati yao haikuonekana. Mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilipowaka kusini, majengo ya misheni ya Masasi yalichomwa. Wapiganaji walikuwa na sababu za kuwachukia Wajerumani: kodi, kulimishwa pamba kwa lazima, viboko. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vyakula mashambani, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mkristo wa Tanzania anayeshukuru kwa ajili ya shule na hospitali hafichi mambo haya.

Mwalimu Julius Nyerere alilielewa hilo. Alibatizwa mwaka 1943, akaishi akihudhuria misa mara kwa mara, na uzeeni akazitia Injili katika tenzi za Kiswahili. Lakini mwaka 1970, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York, hakuwapa sifa tu kwa kazi za huruma. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposimama na maskini kuupinga mfumo unaowafanya wawe maskini, litaonekana kuwa upande wa wadhalimu. Hiyo nayo ni shukrani: kumwambia ukweli mtu aliyekusaidia.

Na walikuwepo waliousikia ukweli huo. Trevor Huddleston, Mwingereza aliyepinga ubaguzi wa rangi akiwa Sophiatown, Johannesburg, alikuwa Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968. Alikuwa askofu huko kusini mwa Tanganyika wakati bendera ilipopanda. Aliporudi Uingereza akawa Askofu wa Stepney, mashariki mwa London, na baadaye rais wa chama cha kupinga ubaguzi wa rangi. Mtu aliyetoka London kwenda Masasi kufundisha alirudi kutetea Waafrika London.

Kikapu cha mavuno na mnada

Shukrani ya kila siku, hata hivyo, haikukaa kwa maaskofu. Ilikaa kwenye kikapu. Nyumbani, wakati wa mavuno, Wakristo hupeleka kanisani walichopata: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kuku aliyefungwa miguu, mayai matatu ya mjane. Baada ya ibada, nje chini ya mti, mzee wa kanisa hupiga mnada. Yai linauzwa kwa bei ya kuku. Aliyelinunua analirudisha liuzwe tena, au anampa bibi mgeni aliyekaa pembeni. Watu wanacheka sana. Mwisho wa mnada, bati la shule limepatikana.

Mnada huo una hekima yake. Asiye na fedha ana yai, na yai lake lilisimama mbele ya watu wote na kushindaniwa. Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Tena mtoto anaona kwa macho kwamba chakula kilitoka kwa Mungu kupitia jembe la mtu fulani anayemjua.

Huku ughaibuni mavuno yetu ni mshahara, na sadaka inapita kwa simu bila mtu kuiona. Si vibaya, bili za huku nazo hazipigi hodi. Lakini mtoto asiyeona mzazi akitoa atajifunzaje kutoa? Ndiyo maana ibada nyingi za Kiswahili huku zimeurudisha mnada, hata kama kinachouzwa ni maboga ya bustani ya nyuma, sambusa na keki. Kama kanisa lenu bado, anzeni mwaka huu.

Hapa tulipo

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Walituonya kwamba mtu anaweza kubebwa, akafika, akamsahau aliyembeba. Wengi wetu tulipokelewa uwanja wa ndege na mtu tuliyepewa namba yake tu. Tulilala kwenye sofa yake, akatuonyesha daktari wa kujiandikisha, akatuazima koti. Huenda mtu huyo keshahama na hatuwezi kumlipa. Lakini kuna mwanafunzi aliyefika Septemba hii na hajui mtu. Kuna mama anayefanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, na watoto wake wanahitaji mtu wa kuwapeleka shule. Deni letu liko kwao.

Kwa hiyo vijana wetu, mkiuliza tena kama tulimjua marehemu, jibu ni hili: yawezekana hatukumjua, lakini ni wa kwetu, na hatumwachi njiani. Mnapokaa karibu na London, waombeni wazazi wawapeleke Westminster mlione lile jiwe sakafuni. Mkifika, yatamkeni kwa sauti majina ambayo halikuyaandika: Susi, Chuma, Wainwright. Kisha mrudi nyumbani mkaulize nani kwenye jumuiya hii anahitaji kubebwa.

Mungu aibariki Tanzania, na awabariki walio mbali nayo. Uhuru na Kazi.